Safu ya Tatu

Usiku wa Oulu mwezi wa pili una saa kumi na sita,
mashine zetu ni mbili, na moja inakohoa,
na kila mfumo wa faili hula saa tano
kuandikiwa, kufutwa, kukatiwa umeme katikati ya neno,
kisha kuwashwa na kuulizwa: unakumbuka nini?

Hesabu inatosha mifumo sita. Orodha ina tisa.
Ndiyo maana Jumamosi hii tumekaa watatu
juu ya duka la Pentti la kutengeneza baiskeli,
soksi zikikauka kwenye bomba la joto,
tuamue nani abaki, nani atoke.

Veli-Matti kaja na takwimu.
Ext4 haina mjadala, ndiyo chumvi ya kila chungu.
XFS ibaki, maghala makubwa yameiegemea.
Btrfs ibaki, na makeke yake.
FAT, ajuza wa kadi za kamera,
hapendwi na hafi, abaki.
Alipofika kwenye Halla akaweka kalamu chini.
"Hii nani anaitumia?"

Halla ni jalidi, ile inayoua shayiri
kwa usiku mmoja wa kiangazi.
Aliyeiandika sasa anafuga nyuki Kuusamo
na barua hajibu.

Sirkka alikuwa na barua moja.
Kutoka Utsjoki, kwa Biret-Ánne,
karani wa ushirika wa wafugaji wa kulungu wa kaskazini:
mikato ya masikio, ya bibi na ya mjukuu,
tundu hapa, pengo pale, ncha iliyochongwa kwa kisu,
alama elfu mbili na mia tatu, kila moja na mwenyewe,
zimo kwenye kompyuta moja kibandani, juu ya Halla.
"Tunalala vizuri," aliandika,
"maana kwenye orodha yenu Halla ni ya kijani."

Niliitazama soksi yangu.

Mimi ndiye niliyeizima.
Novemba ya mwaka juzi, saa nane za usiku,
jaribio la Halla limekwama, mengine yamepanga foleni nyuma yake,
nikaweka alama ya reli mbele ya mstari mmoja,
nikajiambia, kesho.
Jaribio lisiloendeshwa halianguki.
Lisiloanguka hupakwa kijani.
Na kijani hicho kimesafiri kilomita zaidi ya mia sita
kwenda kumbembeleza mtu alale.

Nilisema hivyo, kwa maneno machache kuliko haya.
Veli-Matti hakunigombeza. Alinitazama
kama mtu aliyeamka akakuta friji wazi.

Orodha ilikuwa na safu mbili:
Tunaunga mkono. Hatuungi.
Sirkka akachukua rula ya Pentti, yenye grisi,
akachora ya tatu, akaandika juu yake:
Hatujui.

Ilikaa tupu kama dakika moja.
Halla ikaingia. Halafu ule wa wachora ramani.
Halafu XFS, lakini ile tu iliyo juu ya diski zilizofungwa kwa nywila,
kumbe hakuna aliyewahi kuijaribu.
Halafu Veli-Matti, masikio yamemwiva,
akahamisha mmoja aliouleta yeye mwenyewe.

Nikaifuta alama ya reli. Tukangoja.
Pentti alifunga duka, akatuachia ufunguo.
Majaribio mia mbili na sita;
yaliyoanguka, kumi na manne,
na baya kuliko yote ni lile la umeme kukatika.

Nikamwandikia Biret-Ánne idadi,
na jina la aliyezima, na: nakili kila kitu, kwingine, leo.

Alijibu kabla kahawa haijapoa.
"Umeme ulikatika huku Alhamisi.
Tangu siku hiyo binti yangu ananakili mikato
kwa penseli, kwenye daftari la shule.
Yuko ukurasa wa tisa.
Penseli mmeipima?"

Sirkka akaiandika, chini ya Halla,
kwenye safu ya tatu.